Sauti Bila Sura: Mwafrika katika Filamu za Kisayansi za Zamani



Naomba tuingie moja kwa moja katika chumba cha marubani. Mwaka ni 1983, na filamu ni Return of the Jedi, ya tatu katika mfululizo wa Star Wars. Chombo kiitwacho Millennium Falcon kinaongoza shambulio dhidi ya ngome ya adui inayoelea angani. Kwenye kiti cha rubani ameketi Lando Calrissian, anayeigizwa na Billy Dee Williams, Mmarekani Mweusi. Pembeni yake yuko rubani msaidizi, kiumbe wa sayari nyingine mwenye macho makubwa meusi na mashavu yaliyoning'inia mpaka shingoni. Jina lake ni Nien Nunb. Anazungumza haraka haraka, anatahadharisha, anacheka. Lando anamjibu kwa Kiingereza na wanaelewana vizuri tu. Chini ya skrini hakuna tafsiri. Kwa mtazamaji wa Los Angeles au London, maneno ya kiumbe yule yalikuwa kelele ya kupendeza kutoka nyota za mbali. Filamu ilipofika Kenya, watu walioketi gizani walishtuka, kisha wakaangua kicheko cha furaha. Kiumbe yule alikuwa anazungumza Kikikuyu.

Sauti ile ni ya Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani. Ben Burtt, mtaalamu wa sauti wa filamu zile, alikuwa na kazi ya kuwapa viumbe lugha. Njia yake ilikuwa kutafuta lugha halisi za watu halisi, lugha ambazo watazamaji wa nchini kwake wasingezitambua, akazirekodi na kuzifinyanga. Wale watu wadogo wa jangwani waitwao Jawa, wenye kofia zilizowafunika uso wote, lugha yao ilitokana na Kizulu kilichoongezwa kasi. Greedo, anayeuawa mezani katika filamu ya kwanza, alipewa sauti zilizotokana na Kikechua, lugha ya wenyeji wa milima ya Andes. Kwa Rotich, maneno yaliachwa karibu kama alivyoyatamka, ndiyo maana mtu wa Nyeri aliweza kuyafuata. Mwaka 1983 jina la Rotich halikuandikwa mwishoni mwa filamu. Aliitwa tena studio kwa ajili ya filamu ya 2015 ya mfululizo huo huo, na safari hiyo likaandikwa.

Mada niliyopewa ni uwakilishi wa watu wa aina mbalimbali katika filamu za kubuni za kisayansi, zile za vyombo vya anga, roboti na viumbe wa sayari za mbali. Kwa kawaida mada hii huendeshwa kwa kuhesabu nyuso: wangapi Weusi, wangapi wanawake, wangapi wa Asia, nani alikufa wa kwanza. Hesabu hiyo ina faida yake na siibezi. Lakini ukiishia hapo utatoka na jibu kwamba Mwafrika hakuwepo, na jibu hilo si kweli. Alikuwepo sana. Ilikuwepo sauti yake, ulikuwepo mwili wake, ilikuwepo ardhi yake, na kama tulivyoona, ilikuwepo hata lugha yake ya nyumbani. Alichonyimwa ni sura. Tena tuseme wazi zaidi: alinyimwa vitu hivyo vyote kwa pamoja, ndani ya mtu mmoja, mwenye jina.

Tuchukue ardhi. Filamu ya Stanley Kubrick, 2001: A Space Odyssey, ilitoka Aprili 1968. Inaanzia Afrika, mamilioni ya miaka iliyopita, na kwa zaidi ya dakika 20 za mwanzo hakuna neno hata moja linalosemwa. Tunaona nyika kavu, mawe, anga la asubuhi, na viumbe nusu nyani nusu mtu wakigombania dimbwi la maji. Kubrick hakuja Afrika. Alituma watu wakapige picha za mnato katika nchi ambayo leo ni Namibia, wakati huo ikiwa chini ya serikali ya makaburu wa Afrika Kusini. Picha hizo zikapelekwa Borehamwood, Uingereza, zikamulikwa kutoka mbele juu ya pazia kubwa la kuakisi mwanga, na waigizaji waliovaa ngozi za manyoya wakacheza mbele yake. Mkiitazama tena, angalieni yule chui aliyelala juu ya mzoga wa pundamilia. Macho yake yanawaka. Haikupangwa hivyo: ni ule mwanga wa projekta ulioingia machoni mwa mnyama na kurudi kwenye kamera. Ni mojawapo ya picha nzuri kuliko zote katika historia ya sinema, na nitaisifu bila kigugumizi.

Kisha mfupa unarushwa juu, na kufumba na kufumbua tuko angani, mwaka 2001. Kuna ndege ya Pan Am, kuna hoteli, kuna simu yenye picha. Kuna Wamarekani na Warusi wanaozungumza kwa adabu na kufichana siri. Mwafrika anayepewa nafasi ya kusema jambo lolote la maana humo hayupo. Wakati filamu hii inatengenezwa, dunia ilikwishajua vizuri kwamba historia ya binadamu inaanzia huku. Mary Leakey alikuwa amelitoa fuvu la Zinjanthropus katika bonde la Oldupai, Tanganyika ya wakati huo, tarehe 17 Julai 1959. Waandishi wa filamu walilipokea fundisho hilo na kulitumia. Wakakubali kwamba binadamu alianzia Afrika, halafu wakaiacha Afrika pale pale alipoanzia.

Mwaka huo huo wa 1968 ilitoka Planet of the Apes. Wanaanga watatu wanaonusurika wanatua katika nchi inayotawaliwa na nyani, na mmoja wao ni Dodge, mwanasayansi Mweusi. Anapima udongo, anasema maneno machache, anauawa katika msako. Baadaye stelingi wetu, Charlton Heston, anakimbilia ndani ya jumba la makumbusho na kumkuta Dodge amesimamishwa pale, amejazwa na kukaushwa kama mnyama wa maonyesho. Mwili umetunzwa vizuri mno. Filamu ile ilikusudia kuwasuta Wamarekani kuhusu ubaguzi, na kwa sehemu ilifaulu. Pamoja na hayo, aliyejazwa na kukaushwa ni yule mmoja.

Tukirudi kwenye ardhi, na Tunisia je? Sayari ya jangwa anakokulia Luke Skywalker, stelingi wa Star Wars, imeitwa Tatooine kutokana na mji wa Tataouine, kusini mwa Tunisia. Nyumba yao ya chini ya ardhi ni nyumba halisi ya Waberberi, katika mji wa Matmata. Ndani yake wamewekwa Wamarekani na Waingereza.

Sasa tuje kwenye sauti, ambapo ningependa tukae kidogo. Darth Vader, adui mkuu katika Star Wars ya mwaka 1977, alikuwa watu wawili. Ndani ya vazi jeusi alikuwemo David Prowse, mbeba vyuma kutoka Bristol, Uingereza. Lafudhi yake ya Kiingereza cha mikoani haikumridhisha mwongozaji George Lucas, hivyo akaitwa James Earl Jones aweke sauti. Jones alizaliwa Mississippi mwaka 1931. Utotoni alishikwa na kigugumizi kikali, akakaa karibu miaka minane haongei isipokuwa na watu wa nyumbani. Mtoto yule ndiye aliyekuja kuwa na sauti iliyotambulika kuliko zote katika sinema ya karne ya ishirini. Kwa kazi ya filamu ya kwanza alilipwa dola 7,000, na mwenyewe aliomba jina lake lisiandikwe, akisema kazi yake ilikuwa sehemu tu ya ufundi wa sauti. Unyenyekevu huo ulikuwa wake na tunauheshimu. Ila ukiitazama filamu ile ya 1977 yote, humo ndani hakuna mhusika Mweusi mwenye sura anayetamka neno la maana. Mmarekani Mweusi pekee anayesikika vizuri anasikika kutoka ndani ya kofia ya chuma.

Subirini mwisho wa Return of the Jedi, filamu ile ile ya Kikikuyu. Vader anakaribia kufa na anamwomba mwanawe amvue kofia. Inavuliwa. Uso unaotokea ni wa Sebastian Shaw, mzee wa Kiingereza, umepauka, na sauti nayo imebadilika ikawa ya Shaw. Sauti ya Jones iliishia pale kofia ilipovuka. Sidhani kulikuwa na njama. Nadhani ni jambo zito zaidi ya njama: hakuna mtu mezani pale aliyeona kwamba kuna swali. Miaka 11 baadaye Jones alitupa sauti ya Mufasa katika The Lion King, mfalme wa nyika yetu, na hapo napo tulimpata bila uso wake.

Kuhusu mwili, filamu ninayoirudia mara kwa mara ni Alien ya Ridley Scott, ya mwaka 1979. Watu wengi wanaisifu kwa sababu ya Ripley, aliyeigizwa na Sigourney Weaver, na wana haki. Muswada wa mwanzo ulieleza kwamba wahusika wote wanaweza kuigizwa na mwanamume au mwanamke. Kwa sentensi moja tu ya mwandishi, mlango ukafunguka na mwanamke akawa stelingi wa filamu ya kutisha ya anga bila mtu kulazimika kutoa hotuba. Wanafunzi wa uandishi wa filamu mlioko hapa, ishikeni hiyo.

Lakini mimi humwangalia Parker, fundi wa mitambo, aliyeigizwa na Yaphet Kotto. (Kotto ndiye aliyemwigiza Idi Amin katika Raid on Entebbe, filamu ya televisheni ya 1977.) Mara tu wafanyakazi wa chombo wanapoamka kutoka usingizi wao mrefu na kukaa mezani kula, Parker analeta suala la malipo. Yeye na mwenzake Brett, watu wa chini ya sitaha, wanapata mgao mdogo kuliko wa juu, na anataka jambo hilo lizungumzwe sasa hivi. Wenzake wanamcheka kidogo, wanambembeleza, wanamkatiza. Ni mazungumzo ambayo kila aliyewahi kufanya kazi bandarini au kiwandani anayajua. Hapa tuna mtu Mweusi wa siku zijazo mwenye sura, sauti, jina, ujuzi na madai. Anaishi mpaka karibu na mwisho.

Anayemuua ni yule kiumbe mgeni anayewawinda ndani ya chombo. Na ndani ya ngozi ya kiumbe, katika sehemu kubwa ya filamu, alikuwemo Bolaji Badejo, kijana Mnigeria kutoka Lagos aliyekuwa akisomea usanifu wa michoro London. Mtafuta waigizaji alimwona katika baa akavutiwa na urefu wake, zaidi ya mita mbili, na wembamba wa mikono na miguu yake. Walikuwa wanatafuta umbo ambalo mtazamaji asingeamini kwamba ni la mtu. Msanii wa Uswisi, H. R. Giger, akamshonea vazi juu ya mwili wake mwenyewe. Badejo alifundishwa tai chi na uigizaji wa kimya ili mwendo wake uwe wa polepole na wa kutisha. Kwa kuwa mkia ulimzuia kukaa kwenye kiti, walimtengenezea bembea maalumu ya kupumzikia kati ya mkupuo mmoja wa kamera na mwingine. Hakuigiza tena katika filamu nyingine. Alirudi Nigeria, akafariki mwaka 1992 kwa ugonjwa wa selimundu, hajafika miaka 40.

Kwa hiyo katika tukio moja la Alien, Mweusi aliye mbele ya kamera anauawa na Mweusi aliyefichwa ndani ya vazi, na watazamaji wanamwona mmoja tu. Sidai kwamba Ridley Scott alikusudia tulione hilo. Nadai kwamba sisi tunaweza kuliona, na tukishaliona hatuwezi kuitazama filamu ile kama zamani.

Mnaweza kuniuliza: hakukuwa na filamu iliyompa mtu Mweusi sura na sauti kwa pamoja? Zilikuwepo. Ya mapema na ya ujasiri ni The World, the Flesh and the Devil ya mwaka 1959, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na kampuni ya Harry Belafonte mwenyewe. Belafonte ni Ralph Burton, mkaguzi wa migodi aliyefukiwa chini ya ardhi Pennsylvania. Anapotoka anakuta sumu ya nyuklia imefagia dunia. Anafika New York, jiji zima tupu, anaburuta mkokoteni katikati ya barabara zisizo na mtu. Baadaye anatokea mwanamke, Mzungu, aliyeigizwa na Inger Stevens. Dunia imebaki na watu wawili na bado ubaguzi haujafa. Kuna tukio ambalo mwanamke anamwomba amkate nywele. Burton anashika mkasi, mikono haitulii, anakata ovyo na kwa hasira, mpaka maneno waliyokuwa wameyazuia yanatoka. Watu waliokufa wote wamo chumbani mle. Studio haikuthubutu kuwaacha hawa wawili wapendane. Analetwa mwanamume wa tatu, Mzungu, na hadithi inafungwa kwa watatu kushikana mikono na kuondoka. Belafonte hakuficha kwamba alisikitishwa na jinsi hadithi ilivyolegezwa.

Mwaka ule ule wa 1959, Belafonte, pamoja na Jackie Robinson na Sidney Poitier, alitia sahihi barua ya kuchangisha fedha za nauli za wanafunzi wa Kenya waliopelekwa Marekani kwa mpango wa Tom Mboya. Wanafunzi 81 walipanda ndege Septemba. Mtu yule yule aliyekatazwa kupenda katika New York ya kubuni alikuwa anasaidia kuijaza Marekani halisi vijana wetu. Kwangu mimi hilo linaeleza mengi kuhusu mahali ambapo kazi ya kweli ilikuwa inafanyika.

Halafu yuko Luteni Uhura. Star Trek ilianza televisheni mwaka 1966 na kuingia sinema mwaka 1979, na Nichelle Nichols, aliyemwigiza Uhura, alikuwemo humo kote. Alisimulia kwamba siku ya majaribio alikwenda na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, inayohusu Kenya, na jina la mhusika likatokana na hapo. Hata Kiswahili alikizungumza. Katika sehemu moja ya mwaka 1967, mashine inafuta kumbukumbu yake, anaanza kufundishwa kusoma upya, na anapokwama kwenye Kiingereza, Kiswahili kinamtoka. Mweusi mwenye sura, jina na cheo, mwaka 1966, katika nchi ambayo Weusi wa kusini walikuwa ndiyo kwanza wamehakikishiwa haki ya kupiga kura kwa sheria ya 1965. Hilo ni kubwa. Lakini angalieni kazi aliyopewa. Anakaa na kifaa sikioni akifungua mawasiliano ili wengine wazungumze. Nichols mwenyewe alichoshwa na kukatiwa maneno yake, akataka kuacha. Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki, akimwambia kwamba kwa mara ya kwanza watu wao wanaonekana jinsi wanavyostahili kuonekana.

Alibaki, kisha akafanya jambo ambalo waandishi wa Star Trek hawakumwandikia. Mwaka 1977 aliingia mkataba na NASA wa kuhamasisha wanawake na watu wa jamii zilizoachwa nyuma waombe kuwa wanaanga. Kundi la watu 35 lililoteuliwa mwaka 1978 lilikuwa na wanawake sita, wa kwanza katika historia ya shirika hilo, na Wamarekani Weusi watatu. Mmoja wao, Guion Bluford, aliruka Agosti 1983, miezi michache baada ya Nien Nunb kufika kwenye skrini.

Filamu iliyoligeuza juu chini jambo hili la sauti bila sura ilitoka mwaka 1984, The Brother from Another Planet ya John Sayles. Joe Morton anaigiza kiumbe wa sayari nyingine aliyetoroka utumwa, akaangukia bandarini New York na kuishia Harlem. Ana ngozi nyeusi, ana vidole vitatu vya miguu, na ni bubu. Ana sura, hana sauti. Akigusa ukuta au benchi husikia vilio vya waliopita pale. Watu wa baa anayoingia wanajaza ukimya wake kwa maneno yao: huyu anamwona mlevi, yule anamwona mgonjwa, mwingine ndugu wa kambo. Morton anafanya yote kwa macho. Bajeti ilikuwa ndogo kabisa, na wawindaji wa watumwa wanaomfuata ni Wazungu waliovaa nguo nyeusi, mmoja wao Sayles mwenyewe. Kama mna muda wa filamu moja tu kati ya zote nilizotaja, tazameni hii.

Sitakaa sana kwa Blade Runner ya 1982. Los Angeles yake imejaa maandishi ya Kijapani, wapishi wa tambi na fundi wa macho wa Kichina, na hao wote ni mapambo ya mtaa. Ni ugonjwa ule ule, umevaa nguo nyingine.

Huku kwetu kulikuwa na watu waliofanya kinyume. Nawazungumzia watafsiri wa filamu. Lufufu wa Dar es Salaam aliweka sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni, na kanda zake zikachezwa kwenye vibanda umiza mitaani. Kenya wana DJ Afro. Mtafsiri wa namna hii hafuati neno kwa neno. Anamsemea stelingi na adui yake, anaeleza desturi za huko, anatania, anaongeza methali, anamsimamisha mtu kwenye hadithi kwa muda anaotaka yeye. Hapo sura ni yao na sauti ni yetu. Na jina tunalijua, kwa sababu mtafsiri hujitaja. Wasomi wetu wamechelewa kuwaona watu hawa kama wasanii wa sinema, na kanda zao za VHS zinaliwa na unyevu majumbani mwa watu. Ningefurahi kuona idara moja ya sanaa inaanza kuzikusanya mwaka huu.

Leo watengenezaji wa Afrika Mashariki wanaandika siku zijazo wenyewe. Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa Pumzi mwaka 2009, filamu fupi kuhusu Asha, mtunzaji wa makumbusho katika jamii inayoishi chini ya paa baada ya vita vya maji, ambako hata jasho husafishwa likanywewa. Mwaka 2021 Saul Williams na Anisia Uzeyman walipeleka Cannes filamu yao Neptune Frost, iliyopigwa Rwanda na kuwekwa Burundi: wachimbaji wa koltani, madini yanayotumika katika simu zetu, wanaungana na wadukuzi wa kompyuta katika kijiji kilichojengwa kwa mabaki ya mashine. Wanaimba na kubishana kwa Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, nyuso zao zikiwa mbele ya kamera. Hakuna sauti iliyoongezwa kasi, na majina ya waliozungumza yameandikwa. Watazamaji wa Cannes wasiojua lugha hizo walisoma tafsiri chini ya skrini.